Miguu Mitupu Haimlei Mchezaji

Katika viwanja vya mchanga vya Kanamkemer, na katika viwanja vingine vya Lodwar na Kakuma, kuna hotuba moja ambayo vijana wameisikia mara nyingi hata wanaweza kuimaliza kabla msemaji hajafika mwisho. Hutolewa jioni ya siku ya fainali, wakati jua limepungua ukali na watu wamekwisha kuizunguka meza yenye kikombe na mpira mpya mmoja. Mgeni wa heshima husimama, akapangusa jasho, akasema: mtazameni Awer Mabil. Alizaliwa pale Kakuma. Hakuwa na viatu wala mpira, alipiga matambara kwa miguu mitupu, na leo dunia yote yamjua. Basi nanyi msinung'unike kwa kukosa hiki na kile, kwa maana mchezaji ahitaji moyo tu. Makofi hupigwa, mpira ule mmoja hukabidhiwa nahodha wa washindi, na gari la mgeni huondoka kabla vumbi la mchezo halijatua.

Nadai katika kurasa hizi ya kuwa hotuba hiyo si kweli. Kila neno lake peke yake laweza kuwa kweli, lakini yote pamoja ni uongo, na uongo huo una gharama. Gharama yake hulipwa na wavulana wa miaka 14 na 15 wanaofunga vitabu vyao kwa sababu wameambiwa kwamba kipaji hakihitaji kitu ila bahati ya kuonekana. Nayo bahati inapowajia kwa sura ya mtu mgeni mwenye simu mbili na barua yenye muhuri, hawana mizani ya kuipimia.

Na tuanze na Mabil mwenyewe, maana si haki kumtumia mtu kama mfano bila ya kuyasoma maisha yake. Alizaliwa tarehe 15 Septemba 1995 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ambayo ilifunguliwa mwaka 1992, karibu kilomita 120 kutoka hapa Lodwar. Jamaa zake walikuwa wamevikimbia vita vya Sudan. Alikulia katika nyumba ya udongo, akacheza mpira wa kufungwa kwa mifuko na vitambaa, kama wachezavyo watoto wengi wa huku hata leo. Mpaka hapo mgeni wa heshima yu sahihi. Lakini mwaka 2006, Mabil akiwa na umri wa miaka 10, jamaa zake walipewa makazi nchini Australia, katika mji wa Adelaide. Hapo ndipo hotuba hukatika. Msemaji huruka kutoka Kakuma moja kwa moja hadi uwanja wenye taa na watazamaji elfu nyingi, kana kwamba mtoto alilala kambini akaamka katika timu ya taifa.

Kati ya miaka 10 na miaka 17 kuna miaka saba, na miaka saba hiyo ndiyo ninayotaka kuisema. Katika mji ule mtoto alikuta vilabu vya mtaani vilivyoandikishwa, kila kimoja kikiwa na timu za watoto zilizopangwa kwa umri: wa miaka 11 hawakutanishwi na wa miaka 16 wenye ndevu. Alikuta majani uwanjani. Alikuta walimu wa mpira waliofundishwa kufundisha, ratiba inayojulikana tangu mwanzo wa msimu, na daftari ambamo jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa vilitiwa. Alikuta pia sheria ambayo hairuhusu mtoto kuacha shule apendapo: asubuhi darasani, jioni uwanjani. Alipofika kuchezea klabu ya Campbelltown City miongoni mwa watu wazima, alikuwa amekwisha kucheza mechi nyingi zilizo na mwamuzi. Ndipo klabu ya kulipwa ya Adelaide United ikamchukua, naye akaichezea mara ya kwanza katika ligi kuu ya nchi ile mnamo Januari 2013, akiwa na miaka 17.

Wala hakukimbilia Ulaya siku ya pili yake. Alibaki Adelaide, akacheza, akakaa benchi, akacheza tena. Mwaka 2015, akiwa na miaka 19, alinunuliwa na klabu ya Midtjylland ya Denmark. Hata huko hakupewa kiti cha mbele. Alipelekwa kwa mkopo Esbjerg, kisha Paços de Ferreira huko Ureno, ndipo akarudi Midtjylland mwaka 2018 akiwa mchezaji aliyekamilika. Oktoba ya mwaka huo aliivalia Australia jezi kwa mara ya kwanza, dhidi ya Kuwait, akafunga bao. Tarehe 13 Juni 2022 nchini Qatar, Australia na Peru zilipofikia mikwaju ya penalti kuamua ni nani atakwenda Kombe la Dunia, yeye ndiye aliyepiga mkwaju wa sita wa Australia akautia wavuni, kisha mlinda lango wao akauzuia wa mwisho wa Peru. Mwaka 2023 alitunukiwa heshima ya kuwa Kijana Bora wa Australia.

Sasa niambieni: ni kipi katika habari hii kinachosifu miguu mitupu? Ikiwa kukosa viatu ndiko kunakotoa wachezaji, basi Turkana ingalikuwa imekwisha kutoa timu kumi za taifa, kwa kuwa viatu tumevikosa kwa muda mrefu na kwa wingi. Mabil mwenyewe analifahamu jambo hili kuliko wanaomhubiri. Yeye na kaka yake walipoanzisha shirika lao la kuwasaidia watoto wa Kakuma, walipokuwa bado vijana wadogo, walilipa jina la Kiingereza la Barefoot to Boots, maana yake kutoka miguu mitupu hadi kwenye njumu. Tazameni jina hilo linaelekea wapi. Aliporudi kambini hakuja na hotuba juu ya utamu wa kukosa. Alikuja na njumu na mipira.

Niruhusuni kutoka nje ya njia kidogo. Waandishi wengi wa kigeni wameandika, na baadhi yao wangali wakiandika, kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili ambalo maana yake ni mahali pasipo popote. Sisi tunaokisema Kiswahili, na ninyi mnaotahiniwa kwa Kiswahili, hatujapata kulikuta neno hilo katika kamusi wala katika kinywa cha mtu. Lakini kosa hilo lina asili yake. Mtu aliyekwisha kuamini kwamba mahali fulani si popote, atakapomwona mwana wa mahali hapo amepanda juu ataona muujiza, na muujiza hauna hesabu. Haudai uwanja, haudai mwalimu, haudai bajeti ya kata. Ndiyo maana hotuba ile inapendwa sana na watu ambao wangepaswa kuulizwa habari za uwanja.

Watetezi wa miguu mitupu wana shahidi wa pili, naye ni mkubwa: Pelé wa Brazil. Husema kwamba Pelé naye alipiga soksi zilizojazwa matambara katika mitaa ya Bauru, akashinda Kombe la Dunia huko Uswidi mwaka 1958 akiwa na miaka 17. Ni kweli, na katika mashindano yale alifunga mabao sita, mawili kati ya hayo katika fainali. Lakini humsahau Waldemar de Brito. Mtu huyo alikuwa ameichezea Brazil katika Kombe la Dunia la mwaka 1934, na ndiye aliyekuwa mwalimu wa timu ya vijana ya klabu ya Bauru. Alimfundisha mtoto yule, kisha mwaka 1956 akamshika mkono akampeleka Santos, klabu iliyokuwa na uwanja, mkataba na mshahara. Katika Brazil ya wakati ule watoto wasio na viatu walikuwa mamilioni. Waliomjua Waldemar de Brito walikuwa wachache.

Yamkini mtu ataniambia kwamba nazungumzia nchi za mbali, na ya kuwa sisi ni maskini. Basi twende Mathare, Nairobi, ambako hakuna anayeweza kusema kuna utajiri. Huko mwaka 1987 kilianzishwa chama cha michezo cha vijana kiitwacho MYSA. Hakikuanza kwa kujenga uwanja wa fahari. Kilianza kwa kupanga ligi za watoto, kwa umri na kwa ratiba, na kwa sharti ambalo kila mwalimu angelipenda: timu iliyokwenda kuzoa taka na kuzibua mitaro ya mtaa ilipewa pointi katika msimamo wa ligi, kama vile ilivyopewa kwa kushinda mechi. Vijana waliojitolea zaidi walisaidiwa karo za shule. Kutoka mti huo lilichipuka tawi la Mathare United, ambayo mwaka 2008 ilikuwa bingwa wa ligi kuu ya Kenya, na katika klabu hiyo alitokea Dennis Oliech. Alizaliwa mwaka 1985. Mwaka 2003 alikwenda kucheza kwa mshahara katika klabu ya Al-Arabi huko Qatar, akiwa amekwisha kutimiza miaka 18, na kutoka huko akaendelea Ufaransa: Nantes, Auxerre, Ajaccio. Mathare ni maskini kama sisi, na pengine ina nafasi finyu kuliko sisi, kwa kuwa sisi angalau ardhi tunayo. Walichotuzidi ni utaratibu.

Nimefika sasa mahali pagumu, na sitaki kupita haraka. Kuna kijana anayesoma maneno haya huku nyumbani kwao mbuzi wamekufa kwa ukame na wadogo zake wanangoja chakula cha msaada. Kijana huyo hanisikilizi ninapomwambia asubiri. Anajua kwamba mwalimu alisoma miaka mingi na bado akopa dukani kabla ya mwisho wa mwezi. Anajua pia kwamba mchezaji mmoja wa Ulaya hupata kwa juma moja kile ambacho kata nzima haipati kwa mwaka. Mtu akija akimwambia kuna klabu inamtaka, tena sasa hivi, hana muda wa kufikiri. Na mama yake, kwa upendo na si kwa ujinga, atauza alichobaki nacho ili apate nauli na pesa za kile kiitwacho ada ya majaribio. Siwezi kumcheka mama huyo. Wala sisemi kwamba tamaa ya kijana ya kuitoa jamaa yake katika shida ni tamaa mbaya. Ni tamaa njema kabisa, na ndiyo maana wezi huitumia.

Kwa hiyo badala ya kumwonya kwa maneno matupu nampa kijana huyo sheria, maana sheria ni silaha. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji, katika kifungu cha 19, zakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Zipo ruhusa chache. Mtoto aweza kuandikishwa ng'ambo kama wazazi wake wamehamia huko kwa sababu zisizohusu mpira. Vijana wa miaka 16 hadi 18 waweza kuhama ndani ya nchi za Ulaya zenyewe, kwa masharti ya masomo na malazi. Wanaokaa karibu na mpaka wana ruhusa yao, na wakimbizi waliokimbia roho zao wana yao. Mvulana wa Lodwar mwenye miaka 15 anayeitwa na klabu ya Ulaya kwa ajili ya kipaji chake hamo katika hizo. Mtu anayemwahidi jambo hilo anamwahidi kitu kilichokatazwa. Nayo si sheria ya kuandikwa tu: Barcelona, kwa ukubwa wake wote, ilipatikana na hatia mwaka 2014 ya kuandikisha watoto wa kigeni kinyume cha kanuni, na kwa sababu hiyo haikuruhusiwa kuandikisha wachezaji wapya mwaka mzima wa 2015. Tena mkataba wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 hauruhusiwi kuzidi miaka mitatu. Yeyote aletaye karatasi ya miaka mitano au minane kwa mtoto, ama hajui kazi yake, ama aijua sana.

Wengine hujibu kwa jina la Victor Wanyama. Alizaliwa Nairobi mwaka 1991, na kweli alikwenda Helsingborg, Uswidi, mwaka 2007 akiwa bado mtoto. Lakini huko alimfuata kaka yake McDonald Mariga, aliyekuwa akiichezea klabu hiyo, na baba yao, Noah Wanyama, alikuwa mchezaji wa AFC Leopards aliyeujua mpira na watu wake. Hata hivyo, Mariga alipohamia Parma ya Italia mwaka ule ule, mdogo wake alirudi nyumbani. Fikirini hapo. Kijana mwenye kipaji cha namna ile, aliyekuja baadaye kuichezea Celtic tangu 2011, Southampton tangu 2013 na Tottenham tangu 2016, hakukaa ugenini bila ndugu yake. Alianza upya na Beerschot ya Ubelgiji mwaka 2008. Seuze mtoto anayepelekwa na mtu ambaye mama yake hamjui hata jina la pili.

Tena hata palipo na mkataba halali na fedha halali, utoto hauharakishwi bila hasara. Freddy Adu alizaliwa Tema, Ghana, mwaka 1989, akahamia Marekani na jamaa zake. Mwaka 2004, akiwa na miaka 14, aliandikishwa na D.C. United kwa mshahara uliowashinda wachezaji wenzake karibu wote wa ligi ile, na magazeti yakamwita Pelé mpya. Mwaka 2007 alinunuliwa na Benfica ya Ureno. Baada ya hapo alipita Ufaransa, Ugiriki, Uturuki, Brazil, Serbia na Finland, klabu baada ya klabu, asidumu popote, hata akaishia katika timu ndogo ya madaraja ya chini huko Uswidi. Hakuwa mvivu wala mlevi wa kuadithiwa. Alikuwa mtoto aliyetwishwa mzigo wa mtu mzima mbele ya watu, na kila siku aliyokuwa akipaswa kujifunza alikuwa akipaswa kuonyesha.

Nimesema mengi juu ya yale yanayokatazwa. Liko jambo lingine ambalo wasemaji wa majukwaani hawalitaji kamwe, nami naliona kuwa kubwa kuliko yote, kwa kuwa lahusu fedha zinazostahili kurudi Kanamkemer. Mchezaji anapouzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei hutengwa ili igawiwe vilabu vilivyomlea tangu msimu wa kutimiza miaka 12 hadi msimu wa kutimiza miaka 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12, 13, 14 na 15 hustahili robo ya asilimia moja ya bei nzima. Kila msimu wa miaka 16 na kuendelea hustahili nusu ya asilimia. Chukueni kalamu. Ilitangazwa kwamba Southampton ilimnunua Wanyama mwaka 2013 kwa takriban pauni milioni 12.5. Robo ya asilimia moja ya fedha hizo ni pauni 31,250. Klabu inayoweza kuthibitisha kwamba ilimlea mchezaji wa bei hiyo kwa misimu minne, tangu miaka 12 hadi 15, yastahili pauni 125,000, ambazo kwa kiwango cha wakati ule zilizidi shilingi milioni 15. Na auzwapo tena, hesabu huanza tena. Kwa fedha hizo kata yachimba kisima kando ya uwanja, yaweka uzio, yanunua njumu za watoto mia kadhaa, na bado yabakiwa na karo.

Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi mjini Paris ambayo kazi yake ni kupokea malipo hayo na kuyagawa. Lakini ofisi ile haimjui mtoto aliyecheza mchangani bila ya kuandikwa popote. Yamjua aliyeandikishwa na klabu, na klabu iliyoandikishwa na shirikisho. Kipaji kisichoandikwa, hata kiwe kikubwa namna gani, kikiuzwa hulipwa mwingine. Basi mnaona jinsi ile hotuba ya miguu mitupu inavyotunyang'anya mara mbili: kwanza yatufanya tusidai viatu, kisha yatufanya tusiandike majina.

Na kuandika ni kuandika kweli. Wako watoto wengi katika sehemu zetu wasio na vyeti vya kuzaliwa, na mahali ambapo hapana cheti, kishawishi cha kupunguza umri huingia bila kubisha hodi. Mtu humwambia kijana wa miaka 19 kwamba atasema ana 16 ili apendeze zaidi. Sitahubiri sana juu ya dhambi ya jambo hili. Nitasema tu kwamba halifai kitu siku hizi, kwa kuwa tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 lililochezwa Nigeria mwaka 2009, FIFA hutumia mashine inayopiga picha mfupa wa kifundo cha mkono ili kuupima umri. Zaidi ya hayo, anayepunguza miaka mitatu huipunguzia klabu yake ya utotoni misimu mitatu ya kweli, na humnyang'anya mtoto wa kweli wa miaka 16 nafasi yake. (Nasema wavulana kwa sababu mazungumzo ya uwanjani bado ni ya wavulana. Kanuni ya kutowahamisha watoto na hii ya umri haziwabagui wasichana, na Kanamkemer wapo wanaopiga mpira vizuri kuliko kaka zao.)

Lawama si ya vijana na wazazi tu. Tangu Februari hadi Novemba 2022 Kenya ilifungiwa na FIFA kwa ajili ya magomvi ya wakubwa juu ya usimamizi wa shirikisho. Ule mwezi wa Juni ambao mzaliwa wa Kakuma alikuwa akiipeleka Australia katika Kombe la Dunia, nchi aliyozaliwa haikuruhusiwa kucheza mechi ya kimataifa hata ya kirafiki. Wakubwa hao hawakosekani majukwaani wanapohitajika kulitaja jina lake.

Imebaki shule, nami ni mwalimu, kwa hiyo mtanishuku kwamba navutia kwangu. Sawa, nishukuni, lakini jibuni. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, humpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kumkinga na kazi ya unyonyaji. Hakuna mahali iliposema isipokuwa mwenye mguu mzuri. Nao wanaosema kwamba masomo huua kipaji wamkumbuke Paul Ereng, mwana wa jamii ya Turkana, aliyesoma Starehe, kisha akawa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia huko Marekani, na kutoka katika madawati hayo akaenda Seoul mwaka 1988 akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 800. Mbio zile alikuwa hajazikimbia kwa mwaka mzima. Kabla yake alikuwa mtu wa mita 400. Shule haikumwua. Ilimpa chakula, viatu, mwalimu wa mbio na tikiti ya ndege.

Mtu anayekuja kumchukua mwanafunzi katikati ya muhula aulizwe basi maswali machache mbele ya mzazi na mwalimu mkuu: leseni yake ya uwakala iko wapi, klabu anayoitaja ina barua kwa shirikisho la Kenya au ina barua kwake tu, na kwa nini mchezaji ndiye anayetoa pesa ikiwa kweli ndiye anayetafutwa. Klabu inayomtaka mchezaji humlipia nauli.

Kwa upande wetu wa Kanamkemer, kinachotakiwa kwanza hakihitaji mfadhili. Chatakiwa klabu moja ya watoto ya kata, iliyoandikishwa kwa jina, yenye mwenyekiti na mweka hazina wanaojulikana. Yatakiwa timu ya walio chini ya miaka 13 na nyingine ya walio chini ya 15, zikicheza kila Jumamosi asubuhi kabla mchanga haujawaka. Latakiwa daftari kubwa lenye jalada gumu, ambamo litaandikwa jina la kila mtoto, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo katika cheti, shule anayosoma, siku aliyoingia na siku aliyotoka, na sahihi ya mzazi. Nakala ipelekwe tawi la shirikisho kila mwanzo wa msimu, na daftari lenyewe lifungiwe katika kabati la shule. Madaftari ya namna hiyo yanauzwa madukani mjini Lodwar.